Mkanda wa Mwisho wa Ami Sharbini

Kwa miaka kumi na minane Ami Sharbini alibeba mikanda ya filamu kwa baiskeli kati ya sinema mbili za mji wa Tanta zilizotumia nakala moja. Alijua mwanzo wa kila filamu, lakini mwisho hakuujua hata mmoja, maana akifikisha mkanda wa mwisho tu, ule wa kwanza ulikuwa tayari unamngoja aurudishe kule alikotoka.

Sasa ni mzee wa mkahawani, na mkahawani watu wana tabia ya kuwatangulia waigizaji maneno. Mchana mmoja televisheni ilipoanza kuonyesha filamu ya bibi harusi aliyemtoroka babake, Ami aliruka kitini.

"Atakayenitobolea mwisho, namwagia chai!"

"Ami, filamu ina miaka hamsini!" alicheka Bayumi, mwenye mkahawa. "Hata paka wa hapa anaujua mwisho."

"Basi na paka afunge mdomo!"

Wakanyamaza wote, hata wacheza dhumna. Hatimaye bibi harusi akabisha hodi kwa babake. Ami alimshika Bayumi mkono, akaubana mpaka ukaingia ganzi. Mlango ukafunguliwa.

Ami akachomoka mpaka barabarani, mikono juu, machozi yanamtiririka.

"Kamsamehe! Jamani, baba kamsamehe!"

Kandambili ikaruka kutoka roshani ya ghorofa ya pili, ikampata begani.

"Mzee huna haya!" alifoka Mama Nagia kutoka juu. "Televisheni yetu huchelewa. Kwetu bado anabisha hodi!"