Mbwa wa Tatu

Kwa muda mrefu nilikana, lakini ni kweli: kule Busawe nilimhesabu mbwa ambaye sikumwona.

Tulikuwa tukipima kama chanjo ya kichaa cha mbwa imewafikia mbwa wa kutosha. Kila aliyechanjwa alivishwa ukanda mwekundu shingoni, nasi tulipita nyumba kwa nyumba kuhesabu kanda hizo kwa macho yetu. Macho, siyo masikio. Somo hilo niliwafundisha wenzangu mimi mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Una mbwa wangapi?"

"Marahaba. Watatu. Wawili hawa hapa, mmoja yuko machungani na ng'ombe kule Manchira. Unataka kwenda kumsalimia kwa hivyo viatu?"

Nilivitazama viatu vyangu. "Naye amechanjwa?"

"Nadhani vijana walimpeleka. Lakini mwenye daftari si wewe?"

Nikaandika watatu, wote wamechanjwa, na nyumba zilizofuata nikafanya vivyo hivyo. Kijiji kikaonekana kimevuka kiwango cha chanjo kinachotakiwa, kwa hiyo wachanjaji hawakurudi. Msimamizi aliponiuliza kama niliwaona mbwa wote, niliapa.

Miezi kadhaa baadaye binti wa yule mzee alinipigia simu.

"Dada, baba tumemzika jana. Aling'atwa na mbwa wake, yule wa machungani. Tulimsihi aende hospitali akachomwe sindano, akakataa."

"Kwa nini alikataa?"

"Alisema mbwa huyo amechanjwa. Alisema wewe ulikuja, ukahakikisha, ukaandika."