Filamu ya Majini na Zizi la Baba

Filamu ile niliilipia kiingilio mara mbili, na mara zote mbili niliibiwa. Mara ya kwanza niliingia kwa sababu mvua ilikuwa inapiga Bariadi, nimeshafunika mzigo wangu wa mitumba kwa turubai, na banda la video lilikuwa karibu kuliko baraza lolote. Mara ya pili niliingia kwa hasira, kwenda kusikiliza kwa makini yule bwana mwenye banda alikuwa amemlisha nini mdogo wangu.

Filamu yenyewe ni ya zamani. Rangi zimechujuka mpaka bahari inaonekana kama maji yaliyofuliwa jinzi. Watu saba wenye tamaa wanapanda meli kwenda kutafuta sanduku la dhahabu kisiwani. Meli haiyumbi. Wanaoyumba ni wao, kila mmoja kwa upande wake. Kuna wimbi linalopita nyuma ya nahodha. Nililihesabu limepita mara tisa, nikalijua kwa povu lake, kama ninavyolijua gauni linalorudishwa mezani likiwa limeshavaliwa harusini. Kuna pweza wa mpira anayevutwa kwa kamba, na kamba inaonekana. Waliopanda meli walikuwa saba. Waliokufa nilihesabu wanane. Nikarudia, wakawa wanane vilevile: mwenye shati la njano aliliwa na pweza, kisha akaonekana nyuma anapiga kasia, kisha akachomwa kisu.

Hayo ningeyasamehe. Nauza nguo zilizovaliwa na wengine, siwezi kumdharau mtu kwa kufanya kazi na kilichopo. Nisichosamehe ni kile kipaza sauti.

Mwenye banda ndiye mtafsiri. Anakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni na kuwasemea wote, wanaume kwa wanawake, kwa sauti moja. Watu wanampenda kwa sababu anawaleta wale wazungu mpaka nyumbani kwetu. Nahodha akigombana na mpishi, yeye anasema wanagombania ng'ombe wa mahari, na banda zima linachagua upande. Siku ile alisema dhahabu ni ya Mjerumani. Akasema Mjerumani alipofukuzwa na Mwingereza alifukia mali kila alipolala, na alama aliyoacha ni mawe matatu.

Watu wakaguna. Habari ya mali ya Mjerumani kwetu si ngeni. Kila kijiji kina mtu aliyechimba, na kila kijiji kina shimo. Ila mawe matatu yalikuwa mapya.

Mdogo wangu aliiangalia filamu ile siku tatu mfululizo, kama mtu aliyehudhuria semina. Yeye ndiye mwanamume pekee kwetu. Ndiye aliyebaki na mji wa baba huko Ngulyati: mke wake, watoto wanne, mama yetu, na ng'ombe thelathini na mmoja. Siku ya tatu alitoka bandani akaja mezani kwangu, akashika shati asilokuwa na nia ya kulinunua.

"Dada, zizini kwetu kuna mawe mangapi?"

"Matatu. Moja uliliweka wewe."

"Na kabla ya hayo palikuwa na nini?"

"Mavi ya ng'ombe."

"Baba hakupachagua pale bure," akasema, akaondoka.

Baba amezikwa ndani ya zizi. Ndivyo walivyozikwa wenye miji wa zamani, naye akaomba vivyo hivyo. Mwinjilisti alinung'unika, lakini alikuja akasali. Hatukujenga kwa saruji kwa sababu ng'ombe wanalala pale. Tuliweka mawe, moja la kila mtoto: la dada yetu mkubwa aliyeolewa Maswa, langu, na la tatu la mdogo wangu. Alilibeba begani kutoka korongoni na akakataa kusaidiwa.

Basi nikafunga meza nikaingia bandani mara ya pili. Ramani ilipotokea nikasogea mpaka karibu nilambe kioo. Hapakuwa na jiwe hata moja. Palikuwa na mistari miwili iliyokatana. Filamu ilipoisha nikamfuata mwenye banda kwenye kiti chake.

"Mawe matatu yako wapi? Nimeona msalaba uliolala."

"Dada yangu, nikisema msalaba watadhani ni kaburi, filamu inapoa. Mawe matatu kila mtu anayo jikoni."

"Kwa hiyo umetunga."

"Nimetafsiri. Wewe unapouza koti la mzungu unaeleza alilivaa nani?"

"Siambii watu mfukoni kuna dhahabu. Leo jioni uwaambie kwamba mawe umeyatunga wewe."

"Nikisema hivyo, kesho nakaa na viti."

"Basi sema ni ya kule majini tu, huku hakuna."

"Hapo nitakuwa namsema Mjerumani vibaya."

Tulivutana nusu saa nzima. Mwisho akakubali kuongeza neno moja: huenda. Huenda alama yake ni mawe matatu. Nikatoka pale najiona nimeshinda. Leo nikikumbuka naona aibu. Mtu anakaribia kumfukua baba yangu, na mimi natembea barabarani kifua mbele kwa sababu ya "huenda".

Siku ya tatu baada ya hapo mama alinipigia kwa simu ya mkamwana wake. Mama haongei sana kwenye simu, anaamini inachoka. Alisema, "Njoo. Kuna watu wanampima baba yako," akakata.

Nilichukua bodaboda. Nilikuta ng'ombe wameshatolewa kwenda malishoni mapema kuliko kawaida, na ndani ya zizi wamesimama wawili: mdogo wangu, na mgeni kutoka Malampaka aliyevaa koti la suti juu ya kaptula. Mgeni alishika kitu kama fimbo yenye sahani chini. Anaipitisha juu ya mawe ya baba, inalia. Anaiondoa, inanyamaza. Mdogo wangu anatabasamu kila inapolia, kama vile inamsalimia yeye.

Kwetu hata ukiwa na hasira huingii bila kusalimia. "Mwangaluka," nikasema.

"Mwangaluka, dada," akajibu, macho yakiwa kwenye sahani.

"Hiyo inalia nini?"

Mgeni ndiye aliyejibu. "Inalia chuma, mama. Sanduku. Mashine hii haidanganyi."

"Haidanganyi kweli. Ni misumari ya jeneza. Inchi tatu, nusu kilo, nilinunua mwenyewe. Aliyeipigilia huyo hapo pembeni yako."

Mdogo wangu akafuta jasho. "Misumari ipo, sikatai. Lakini chini ya misumari je? Dada, baba alikuwa anajua. Aliwekwa juu ya mali ailinde. Tutamtoa kwa heshima, tutachinja kondoo, tutamlaza pale kwenye mgunga."

"Ile filamu uliiona mwisho wake? Wamekufa wote. Mmoja amekufa mara mbili."

"Walikufa kwa sababu hawakupatana. Sisi tumeandikiana."

Akatoa karatasi mfukoni. Kweli walikuwa wameandikiana, sahihi mbili na dole gumba moja. Dole lilikuwa la nani sikuuliza. Niliogopa kuambiwa.

"Hamgusi hapa," nikasema.

Mgeni akaninyooshea mkono, mpole kama muuza dawa. "Mama, tusigombane. Mzee abaki alipo. Tunachimba pembeni, hatua mbili kutoka kwenye mawe, tunaingia kwa chini."

"Kumi na mbili," nikasema.

Sijui lilitokea wapi. Yaani najua. Miaka yote hii mtu akinitajia namba, mdomo wangu unarudisha namba nyingine kabla kichwa hakijaamka.

"Kumi na mbili tunatoka nje ya zizi, mama. Tatu."

"Kumi."

"Nne, na hatuingii kwa chini."

"Nane, na mnafukia siku hiyohiyo."

"Mama unatuua. Tano."

Nikageuka kama naondoka, vile wanavyonifanyia wateja wangu. Akaniita. Tukakomea sita. Nilizipima mwenyewe kutoka kwenye mawe, kisha nikarudi nikazipima tena, na mgeni akapiga jembe palepale nilipoishia. Udongo wa zizi ni laini kwa samadi. Kwa dakika chache alikuwa ndani mpaka magotini.

Nilipoinua macho mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, sufuria mkononi. Alikuwa amesikia yote. Akaniuliza kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayeuliza nauli:

"Umemuuza kwa hatua ngapi?"

Sokoni nina sheria moja. Bei ikishakubaliwa, hata nikigundua nimepunjwa, nafunga mzigo nampa mtu. Sijawahi kuivunja, na wanaonijua Bariadi wananijua kwa hilo. Niliivunja pale, mbele ya mama.

"Toka kwenye shimo," nikamwambia mgeni. "Hakuna sita."

"Tumeshapatana, mama. Wewe si mfanyabiashara?"

Mdogo wangu akadakia, na sasa sauti yake ilikuwa ya mwenye mji. "Dada, wewe umeolewa. Una kwako. Zizi hili si lako."

"Si langu," nikasema. "Kwa hiyo hata hizo hatua sita sikuwa na haki ya kukupa. Umepatana na mtu asiye na mali. Rudisha udongo."

Mama hakungoja jibu. Aliweka sufuria chini, akaenda nyuma ya nyumba na kuita ng'ombe, ule mwito wake mrefu ambao watoto hawauwezi. Ilikuwa saa tano asubuhi, si saa ya kurudi. Walikuja hivyohivyo, wamechanganyikiwa, midomo imejaa majani, wakaingia zizini wote thelathini na mmoja. Mashine ilianza kulia kwa kila kengele iliyopita. Mgeni aliizima, akapanda juu ya ua wa miiba na koti lake la suti, na hilo koti halitauzika tena hata kwangu.

Mdogo wangu alibaki katikati ya ng'ombe na jembe lake. Hakufukia. Mimi nilipotaka kufukia mama akanikatalia. Alisema atafukia aliyelileta jembe. Basi shimo likabaki.

Tangu hapo kila Jumapili naenda Ngulyati, nasalimia, kisha naingia zizini kupima hatua kutoka kwenye mawe hadi ukingo wa shimo. Wiki ya kwanza sita. Wiki ya pili sita. Jumapili iliyopita nilipata tano na kidogo. Nikarudia, tano na kidogo.

"Ni mvua," mdogo wangu akasema. "Na ng'ombe wanakanyaga ukingo."

Huenda. Mvua kweli imenyesha. Lakini mvua haiachi alama ya jembe, na mimi macho yangu yanakagua mishono kila siku. Sikubishana naye. Nilikwenda kwa jirani nikaazima beleshi, nikamvunjia mama amri yake, nikaanza kurudisha udongo. Mama alinitazama kutoka jikoni, akarudi kwenye sufuria yake. Mdogo wangu alisimama karibu, amekunja mikono, mchana kutwa. Hakunisaidia na hakunizuia. Nilipomaliza alisema shimo lenyewe lilikuwa dogo tu, sikuwa na sababu ya kuchoka hivyo.

Nilimwambia anipishe, nilikuwa bado sijashindilia.