Safari ya Namuwongo Kusema kwa Sauti

Nilifeli mtihani wa kuzungumza Kihispania, na si kwa ujinga. Maneno nilikuwa nayo. Mwalimu alisema hakunisikia, kisha akauliza kwa nini ninamjibu nikitazama sakafu. Ningemwelezaje? Mimi ni binti wa polisi kutoka Gulu. Nyumbani kwetu mtoto wa kike humjibu mkubwa akiwa amepiga magoti, macho chini, sauti ndogo. Mwalimu alinipa nafasi ya kurudia Jumatatu, lakini baba alipopata habari, Ijumaa hiyohiyo alikuja hosteli ya chuo na fomu ya kubadili kozi.

"Spanishi ya nani hapa Kampala?" alisema. "Wewe jaza hii, leta kesho jioni. Enda soma uhasibu."

"Ndiyo, baba," nikanong'ona. Alipoondoka nilijichukia kwa ile ndiyo.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, niliondoka Wandegeya kwa miguu, fomu nimeikunja ndani ya daftari. Mwenye duka la fotokopi chini ya hosteli alikuwa ameniambia kwamba kule Nakivubo kuna muuza vitenge mwenye mteja anayesema "hiyo lugha yenu". Nilitaka kuisikia na kujaribiwa kabla mtu hajaniamulia.

Saa nne nilikuwa Nakivubo, watu kama siafu. Muuza vitenge, Mkongomani mwenye kucheka ovyo, alipiga makofi. "Ah, Mama Malabo! Ule anagombana bei mpaka mimi nachoka. Fuata reli ya Namuwongo, uliza mwenye anauza mihogo."

Saa sita, Namuwongo. Nilimkuta kando ya reli akikaanga, mweusi kuliko mimi. Nakiri nilishtuka, maana darasani siku zote nilifikiria wazungu tu. Mumewe, fundi wa kuchomelea, alimwoa Malabo, mji wa Guinea ya Ikweta, nchi ya Kiafrika inayosema Kihispania, alikokwenda kwa kazi za ujenzi. Nilipiga magoti vumbini nikamwamkia kwa Kihispania.

"¡Más alto!" alifoka. Sauti zaidi! Nikarudia. "¡Más alto!" tena. Treni ya mizigo ikapita, naye akaniashiria niendelee.

Kisha akaweka mwiko chini akaniuliza, kwa lugha yake, swali kama lile la baba: Kihispania cha nini? Kila nililojibu alilipinga. Hasira ikanipanda. Nilisimama nikasema kwa Kihispania kwamba shule nilichaguliwa, nguo nilichaguliwa, hata rafiki nilichaguliwa. Hiki nimekichagua mwenyewe na sikiachi! Vitenzi vilivunjika njiani, majirani wakacheka, sikujali.

Alinipa muhogo wenye pilipili nyingi. "Huku naongea hii lugha na mutu gani?" alisema kwa Kiswahili. "Wewe rudi kila Jumamosi."

Saa kumi na moja jioni nilifika kambi ya polisi ya hapa Kampala, baba alikohamishiwa kutoka Gulu. Baba alikuwa nje, akipaka viatu vya kazi rangi. Nilipiga magoti kama kawaida. Heshima hiyo ni yangu, sina ugomvi nayo. Ila macho niliyainua. Nikampa fomu, tupu.

"Sijazi, baba. Narudia mtihani Jumatatu."

"Unasema nini?"

Alikuwa amenisikia. Laini nzima ya nyumba za polisi ilikuwa imenisikia. Nilirudia hata hivyo, kwa sauti ya Namuwongo, na hapo ndipo nilipojua kwamba kumbe ninaweza kumheshimu mtu na kumkatalia papo hapo.

Aliitazama fomu, akanitazama mimi. Kisha akaikunja, akafutia rangi iliyozidi kwenye kiatu.

"Jumatatu saa ngapi?" aliuliza.