Mkunjo wa Kati

Kwa miaka kumi na tisa Mzee Nyoosha alifua na kupiga pasi vitambaa vya meza vya mgahawa mmoja wa Kitaliano, na miaka yote hiyo hakuwahi kuketi hata kwenye kiti kimoja cha mle ndani. Aliingilia mlango wa jikoni, akatokea mlango wa jikoni. Lakini chakula chao alikijua. Alikijua kwa madoa.

Nyanya ndizo zilizokuwa za kila siku. Mafuta ya zeituni yalijificha, mpaka uinue kitambaa dirishani ndipo uyaone. Mvinyo mwekundu ulitaka chumvi, tena mapema. Vitambaa vya Jumapili vilikuwa na habari zake. Siku hiyo watu wenye nafasi zao walichelewa kuamka, wakaja kula mlo ulio kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, wenyewe wakiuita branchi, wakakaa hapo mpaka saa tisa. Hapo ndipo kilipokuja kiini cha yai, na kahawa, na jemu. Kiini cha yai hakitaki maji ya moto. Ukikipa maji ya moto umekipika humo humo kwenye kitambaa.

Na kulikuwa na doa moja jeusi. Si kahawa, si masizi. Lilikuja mara chache, na kutoka halikutaka. Mkewe alikuwa akikishika kitambaa kwa vidole viwili, akinusa.

"Hiki nacho chakula gani, baba?"

"Waulize wanaokula."

"Siku moja tutakwenda. Tuingie mlango wa mbele kama watu, tuagize hiki cheusi."

Wanacheka, wanakitia sabuni.

Siku hiyo haikufika. Mkewe alifariki, na sasa ulikuwa mwezi wa nne.

Jina la Nyoosha walimpa wahudumu, nalo likamganda. Shule hakwenda. Herufi zilimpita kama magari barabarani. Lakini ukimpa kitambaa alikisoma: aliyekula kwa haraka, mtoto aliyelia, wawili waliogombana wakaacha mkate bila kuumega.

Sasa, kitambaa cha meza kubwa hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili za huku, mwingine pembe mbili za kule. Mnavuta mpaka kinyooke. Mnalegeza. Mnakutanisha pembe, halafu mnaendeana mpaka mikono inagusana. Mmoja anaacha, mwingine anapokea. Mkewe alikuwa na maneno yake matatu ya kazi hiyo. Vuta. Legeza. Njoo. Vitambaa thelathini na viwili kila safari, na kila kimoja kina njoo zake tatu. Waliokuwa wamegombana asubuhi, jioni walikuwa wameshapatana, kwa sababu huwezi kumwendea mtu karibu mara mia kwa siku moja ukiwa umenuna.

Alipofariki, Mzee Nyoosha alipigilia misumari miwili kwenye mwimo wa mlango. Aliipigilia kwa kimo cha mikono ya marehemu. Akawa anatundika pembe mbili pale, yeye anashika mbili za huku, anavuta.

Msumari hauvuti. Unashikilia tu.

Alhamisi moja mkuu wa wahudumu alikuja mwenyewe nyumbani. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sharubu zilizochanwa vizuri, na chini ya kwapa alikuwa na vitambaa viwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umekuja mwenyewe?"

"Nimetumwa. Na sikupenda kutumwa."

Alikaa, akakunjua kitambaa kimoja mapajani. Mkunjo wa kati haukuwa kati. Ulianza vizuri, ukaenda ukipinda kama njia ya mlevi.

"Mzee wangu, unajua sisi ua tunaliweka mikunjo inapokutana. Hatupimi kwa rula. Tunakuamini wewe. Jumapili iliyopita ua la meza ya sita lilimsogelea mteja kama linataka kumwibia mkate."

Mzee Nyoosha hakucheka.

"Na hiki." Mhudumu alionyesha pembe ya kitambaa cha pili. Palikuwa na alama ndogo ya rangi ya kahawia, kama punje ya mtama.

Mzee alipitisha kidole. Hakuhitaji kuinusa.

"Kutu," alisema.

"Kutu inatoka wapi kwenye nyumba yako?"

Mhudumu aliinua macho, akaiona misumari kwenye mwimo. Akayarudisha macho kwenye kikombe chake cha chai, akakitazama sana, ingawa kilikuwa kitupu.

"Mama amesema hivi," alisema, na Mama ndivyo walivyomwita mwenye mgahawa. "Jumapili hii kuna familia ya watu ishirini na wanne. Meza ndefu. Vitambaa vinne tunaviunganisha, na mikunjo yake lazima iwe mstari mmoja, kama uzi. Ikipinda, Jumatatu kazi inakwenda kwa kampuni ya mashine. Nimekutetea mpaka mate yamenikauka, mzee. Lakini Mama ukimwonyesha kutu, huna la kumwambia."

Alipoondoka, Mzee Nyoosha alibaki ameshika kile kitambaa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutoa madoa. Leo yeye ndiye aliyelitia doa. Na kazi ikiondoka, hakujua kesho angeamka kwa ajili ya nini. Ndani ya nyumba ile pasi ndiyo iliyobaki kuwa na joto.

Jumamosi alifua alfajiri. Akaanika, akatia wanga, akapiga pasi. Kwa hayo yote hakuwa na mshindani. Ilipofika kukunja, alijaribu kila njia. Alifunga pembe kwa vibanio kwenye mgongo wa kiti, kiti kikamfuata. Aliweka tofali juu ya kiti, kitambaa kikateleza. Alikunja mezani, meza ikawa fupi. Akarudi kwenye misumari, safari hii ameivisha vipande vya nailoni ili isiache kutu. Kitambaa cha kwanza kikapinda. Cha pili kikapinda kule kule.

"Hodi. Au nipige na ngoma?"

Alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu. Mwanamke mrefu, fundi cherehani wa zamani, mwenye mdomo usio na breki. Kila Jumamosi alikuja na bakuli lililofunikwa. Na kila Jumamosi aliuliza nikushikie, na kila Jumamosi alijibiwa nitaweza.

"Karibu, shemeji."

Aliweka bakuli. Akatazama kiti kilichoanguka, tofali, vibanio, misumari yenye nguo za nailoni.

"Ehe. Naona umeoa tena. Umechukua wawili kwa mpigo, na hata salamu hawaitikii."

Neno hilo lilimchoma. Aligeuka, akajifanya anaangalia pasi. Shemeji aliona mabega yake, akapunguza sauti.

"Nimezidisha. Nisamehe."

"Hujazidisha." Akamgeukia. "Jumatatu wananinyang'anya kazi."

Akamweleza, kwa maneno machache. Kutu. Meza ndefu. Kampuni ya mashine. Shemeji alisikiliza huku anakunja mikono ya gauni.

"Na mimi nimekuja hapa wiki ngapi nikisema nishike?"

"Upande ule ni wake."

"Nani amesema si wake? Nashika tu. Sihamii."

Shemeji hakusubiri jibu. Alitoa kitambaa kwenye misumari, akashika pembe zake mbili, akarudi nyuma mpaka kikatanda. Mzee akajikuta ameshika zake, maana angeacha kingegusa sakafu, na hakuna kitambaa chake kilichowahi kugusa sakafu.

"Vuta," alisema shemeji.

Akavuta.

"Legeza. Njoo."

Mzee Nyoosha alisimama pale pale. Maneno yale alidhani ni ya mtu mmoja tu duniani.

"Mbona huji?"

"Umeyatoa wapi maneno hayo?"

"Nimeyatoa wapi?" Shemeji aliona uso wake ndipo akaelewa. Akashusha mikono kidogo. "Shemeji, mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuwa na miaka saba, hana meno ya mbele. Tulikuwa tunakunja shuka za mama. Nikimwambia vuta, ananiachia makusudi ili nianguke kwa makalio. Kila siku. Nilimchapa na shuka, akacheka mpaka akajikojolea."

Miaka yote ile ya ndoa, mkewe hakuwahi kumsimulia hilo. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alikuwa amepewa kitu kipya juu yake.

"Alikuangusha kweli?"

"Mara mbili. Nina kovu, lakini silionyeshi."

Mzee alicheka. Kicheko kilitoka kikavu, kama mlango wa siku nyingi, lakini kilitoka. Akaenda. Mikono yao ikagusana, akaacha pembe, shemeji akapokea.

Kitambaa kilipinda.

Walikitazama wote wawili.

"Hii sasa si misumari," alisema shemeji.

"Ni wewe. Mrefu kama nguzo ya umeme. Upande wako unapanda, wangu unashuka."

"Basi nikatwe miguu?"

Mzee alifikiri. Akaenda uani, akarudi na kreti ya sabuni, akaipindua, akapanda juu. Sasa macho yao yalikuwa sawa. Shemeji aliuma midomo asicheke, akashindwa.

"Leo ndiyo mara ya kwanza nakuona mrefu."

"Shika kitambaa."

Vuta. Legeza. Shemeji ndiye aliyekuwa anamwendea, yeye juu ya kreti. Mkunjo wa kati ukaenda moja kwa moja, kuanzia pembe hii mpaka ile, kama umepigwa kwa uzi wa fundi. Walikunja thelathini na viwili. Katikati ya kazi mzee aliteremka, akatafuta nyundo, akang'oa misumari. Matundu mawili yakabaki kwenye mwimo. Aliyapitishia kidole, akarudi kwenye kreti yake.

Jumapili saa mbili walipeleka. Wote wawili, kwa sababu shemeji alisema hawezi kukunja kitu asione kinakokwenda. Waliingia jikoni, wapishi wakiwa wanapasua mayai kwa mamia. Mkuu wa wahudumu alipokea mzigo, akaenda nao ukumbini. Mlango wa ukumbini ulikuwa wa kusukuma, na leo shemeji aliuzuia kwa mguu usijifunge. Wakachungulia.

Mzee hakuwahi kuviona vitambaa vyake vikiamka. Mhudumu alishika pembe, akakirusha, kikafunguka hewani, kikatua. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Mikunjo ikaungana, ikawa mstari mmoja mweupe toka mwanzo wa meza mpaka dirishani.

Mwenye mgahawa alikuja. Mwanamke mfupi, miwani kwenye kamba, viatu visivyo na sauti. Alisimama kichwani mwa meza, akainama, akafumba jicho moja kama seremala anayepima ubao. Akakaa hivyo muda. Akazunguka kwenye pembe, akazishika moja moja, akizigeuza. Halafu akachukua chombo cha ua, akakiweka mikunjo ilipokutana.

Akawaona mlangoni.

"Mzee, nani amekushikia?"

"Shemeji yangu."

Alimtazama shemeji, juu mpaka chini, na safari ilikuwa ndefu.

"Mwambie mzigo wa Jumanne asiukose."

Akaenda zake. Ndivyo alivyokuwa, na ilitosha.

Mkuu wa wahudumu alikuja akipangusa jasho kwenye sharubu. "Mzee wangu, hapo kando ya jikoni kuna meza ya wawili. Walioiagiza wamepiga simu, hawaji. Mkae."

"Nimekuja na viatu hivi."

"Viatu viko chini ya kitambaa, mzee. Kitambaa ni chako."

"Kwa mlango huu?"

Mhudumu hakuelewa. Shemeji naye hakuelewa. Lakini mzee alikuwa ameshatoka nje ya jikoni, akazunguka jengo, na shemeji nyuma yake akiuliza kuna nini. Wakaingia kwa mlango wa mbele. Mhudumu akawavutia viti kama watu wote.

Aliwapa orodha ya vyakula. Mzee aliishika kwa heshima, akairudisha.

"Nisomee tu. Au, hapana. Nataka kile kinachoacha doa jeusi."

"Doa jeusi?"

"Lisilo kahawa. Lile linalokaa mpaka mfuo wa tatu."

Mhudumu alifikiri, kisha uso wake ukafunguka. "Tambi nyeusi. Zinapikwa kwa wino wa ngisi. Mzee, leo ni siku ya mayai, zile ni za jioni." Akageuka kuangalia jikoni, akageuka tena. "Ngoja nikazungumze na mpishi."

Zilikuja kwenye sahani nyeupe, nyeusi tititi. Shemeji alizitazama kwa wasiwasi.

"Hizi ni chakula au ni kamba za viatu?"

"Onja."

Zilikuwa na chumvi, na kitu cha baharini, na kitunguu saumu. Mzee alitafuna polepole. Hakusema ni tamu wala si tamu. Alikuwa anaweka akilini, kama mtu aliyetumwa kwenda kuona, anayetakiwa kurudi na habari kamili. Shemeji alimwona, akanyamaza, na kwake kunyamaza kulikuwa zawadi.

Kisha tambi moja iliteleza kwenye uma. Ikaanguka pembeni ya sahani, ikaacha mstari mweusi juu ya kitambaa cheupe, karibu kabisa na mkunjo wa kati.

Mzee aliufunika kwa mkono, haraka, kama mtoto. Shemeji alishika mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika.

"Maji baridi kwanza," alisema mzee. "Halafu sabuni ya mche. Halafu jua."

"Na lisipotoka?"

"Litatoka." Aliondoa mkono, akalitazama doa lake. "Jumanne una kazi gani asubuhi?"

"Kazi?" Shemeji alisogeza sahani, akachukua tambi nyingine. "Nina kazi ya kumwendea mzee mmoja anayesimama juu ya kreti."