Sweta ya Bibi

Juzi, nikisubiri treni Upplands Väsby, hapa Uswidi, niliona kindege kikinguruma na kuzunguka juu, nikasonya.

Utotoni, mjomba alitupeleka sisi watoto kutembea kwenye kiwanja kidogo cha ndege kilichonuka petroli na nyasi mbichi. Nilidhani kila ndege huenda Bujumbura, basi nikabeba sweta ya kumpelekea bibi huko. Nilikuwa nimeipima uzito mara mbili, kama wakubwa wapimavyo mizigo ya safari. Nikamkabidhi rubani wa kindege kimoja.

"Mimi napaa, nazunguka, kisha narudi hapa hapa," alisema kwa Kiswidi.

"Basi ifikishe hata Nairobi," nikampunguzia safari.

Akacheka.

"Mjomba, mzee mzima huyu anazunguka tu?"

"Ndiyo, mama. Na watu wanampigia makofi."

Nikamnyang'anya sweta yangu. Bibi alifariki kabla hatujapata msafiri wa kweli wa kumpelekea. Kindege bado kinazunguka.