Nilihudhuria semina za mawakili wa Scotland kwa jina la mtu mwingine, nikiwa Machakos

Wakuu, hamjambo huko mliko. Wale wa asubuhi na wale mnasoma hii mkijifanya mko kazini, wote nawasalimu.

Hii si hekaya. Majina nimeyabadilisha kwa sababu niko na mengi ya kupoteza, mtaona. Lakini yaliyobaki ni vile yalivyotokea.

Kwanza mnijue. Mimi ni dada, nimemaliza sheria, nikafanya mafunzo ya ofisini hapa Machakos mjini, mitihani nikapita. Kilichobaki ni kuapishwa niitwe wakili.

Jambo la pili, mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu kule Kalama husema ningezaliwa mbwa ningebwekea hata kivuli changu. Muuzaji akiniongezea nyanya moja ya bure naigeuza nione imeoza wapi.

Kwa hivyo Ben aliponipigia kuhusu kazi ya mtandaoni, nilishuku tangu neno la kwanza.

Ben tulisoma naye chuo. Siku hizi anaishi Syokimau na anatafutia watu kazi za wazungu. Akaniambia, "Niaje wakili. Kuna mzee Scotland ni lawyer, yuko busy mbaya. Anataka mtu wa kumsaidia na semina zake. Unaskiza, unaandika summary, basi. Hii ni ya mtu alisoma law kama wewe."

Nikauliza natoa pesa gani ya kujiandikisha. Akasema hakuna. Hapo ndipo nilishuku zaidi, kwa sababu matapeli wa kawaida huanza na registration.

Lakini wiki ya kwanza nililipwa. Ya pili pia. Nikatulia.

Kwa wale hawajui: mawakili kila mwaka lazima wahudhurie semina ndio waendelee kukubalika kazini. Hapa kwetu tunaita CPD, unakusanya points. Scotland nao wako na yao, na nyingi ziko online. Zinafanyika wakati wao wa chakula cha mchana, hapa ikiwa saa nane na nusu au saa tisa.

Huyo mzee tumwite Bwana F. Nilikuwa naingia na link yake. Kamera imezimwa, mute imewekwa, na kwenye skrini jina linaloonekana ni lake.

Kila baada ya muda kisanduku kinatokea kuuliza kama bado upo. Usipobonyeza ndani ya dakika moja, unahesabiwa umetoka. Nimewahi kukatiza kufua nianue nguo mvua ikianza Machakos, laptop imekaa juu ya mtungi wa maji, nabonyeza na kidole chenye sabuni kwamba ndiyo, Bwana F. yupo.

Naona mshaanza kunipima. Subirini.

Mimi nilijiambia kazi yangu ni summary. Mtu mkubwa ana msaidizi, kuna ubaya gani? Hata hapa nimeona semina kwenye ukumbi wa hoteli, wakili anamtuma karani asaini rejista halafu karani anakula chakula cha wageni na kurudi. Nilikuwa nawacheka hao. Nawaambia ukweli, nilikuwa nawacheka huku nikifanya hivyo hivyo kwa bundles za intaneti.

Mwisho wa kila semina kulikuwa na fomu. Umejifunza nini leo? Ofisini kwako mnafanyaje? Utabadilisha nini?

Sasa mimi sina ofisi Scotland. Hata Bwana F. sijawahi kusikia sauti yake. Ofisi ninayoijua ni moja tu, ile niliyofunzwa kazi, ya Wakili Kioko.

Wakili Kioko ni mzee wa sabini na kitu. Ofisi yake iko orofa ya kwanza, chini ni duka la mbegu na dawa za mifugo, kwa hivyo hata hati za nyumba zake zinanuka dawa ya kupe. Semina za mtandaoni hazitaki. Husema mtu asiyeonekana uso hajaenda popote.

Na ako na desturi moja iliyowafukuza wateja wengi.

Mtu akija kusaini, Kioko hasaini naye mpaka amtoe nje kila aliyekuja na yule mtu. Kisha anaichukua karatasi, anailaza kifudifudi mezani, na kumwambia, "Haya. Hii karatasi inasema nini?" Lazima uiseme kwa mdomo wako, kwa lugha ya nyumbani kwenu.

Nakumbuka mama mmoja mzee kutoka Wamunyu, aliletwa na kijana wake. Karatasi zimeandaliwa, kalamu iko tayari. Kioko akamtuma yule kijana chini akaangalie bei ya mbegu.

"Mwaitu," akamwambia, yaani mama, "hii karatasi inasema nini?"

Mama akasema, "Inasema kijana yangu atanilimia shamba, sababu mimi magoti imekataa."

Karatasi ilikuwa inampa kijana shamba lote.

Kioko hakupiga kelele. Aliikunja akamrudishia, akamwambia aende nayo akasomewe na binti yake. Yule kijana alitutukana kuanzia ngazini mpaka barabarani.

Basi kwenye fomu za Bwana F., mahali pa "ofisini kwako mnafanyaje", nilikuwa naandika ya Kioko. Nilikosa kingine cha kuandika. Pole pole yule mzungu akawa Kioko kwenye makaratasi.

Siku moja semina ilikuwa ya wateja wazee. Unajuaje mzee ameelewa anachosaini? Mwalimu alikuwa mama mwenye mvi, wakili mstaafu, anaongea taratibu lakini lafudhi nzito kama ugali wa jana. Nitamwita Mama Mwalimu.

Akauliza waliohudhuria waandike kwenye chat wao hufanyaje. Watu zaidi ya mia, hakuna anayeandika. Nikashuku kwamba labda nusu yao ni akina sisi, wako Machakos na Kisii wanaosha vyombo.

Na mimi nikafanya kosa. Uchungu wa kumwona mama wa watu anaongea peke yake ulinishinda. Nikaandika yote: watoe watoto nje, laza karatasi kifudifudi, mwache aseme kwa maneno yake.

Mama Mwalimu akaisoma kwa sauti. Akasema hajasikia jibu zuri hivyo kwa miaka mingi. Kisha akasema, Bwana F., tafadhali washa maikrofoni utueleze zaidi.

Wakuu, sauti yangu ingenifichua. Nikaandika kwamba maikrofoni imeharibika. Vimikono vya kupiga makofi vikajaa kwenye skrini, na mimi nimekaa hapo kwenye stuli natokwa na jasho la mtu mwingine.

Siku tatu baadaye Ben akapiga. Sauti ya furaha.

"Wakili umeuwa. Mzee amependa ile kitu yako ya kulaza paper. Anataka umwandikie page moja, aseme vile yeye hufanya hivyo na wazee. Lakini aseme amekuwa akifanya kutoka mwaka juzi."

Nikamuuliza kwa nini mwaka juzi.

"Sijui. Si ni page moja tu?"

Nikamwambia anitumie maagizo kama yalivyoandikwa. Ben ni mvivu, na uvivu wake ndio ulinifungua macho. Alinitumia barua pepe nzima bila kufuta yaliyokuwa chini yake.

Chini kulikuwa na malalamiko. Mama mmoja mjane, huko kwao, alisaini karatasi kwenye ofisi ya Bwana F. mwaka juzi. Mpwa wake ndiye alimpeleka. Yeye alidhani anasaini ruhusa ya kutengeneza paa la nyumba yake. Alikuwa amesaini nyumba.

Sasa mpwa anataka mjane ahame, na wanaosikiliza malalamiko wamemwambia Bwana F. alete rekodi za mafunzo yake, waone kama anajua namna ya kuhudumia wazee.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikamkumbuka yule mama wa Wamunyu na magoti yake.

Nikampigia Ben, nikasema siandiki. Akacheka kidogo.

"Hata usipoandika, fomu zako zote anazo. Zimejaa hizo story. Na skiza, si wewe unaapishwa mwaka huu? Usianze fujo. Wakiuliza nani alikuwa anabonyeza, tutasema nini?"

Niliogopa. Sitaki kujipamba hapa. Niliogopa na nikanyamaza wiki nzima. Nilijiambia kwamba nimekataa ukurasa mmoja na hiyo inatosha. Lakini usiku na mchana nilijua: yule mjane anapokonywa nyumba kwa maneno yangu, na maneno yenyewe niliyaokota kwa mtu aliyeyatumia kuokoa shamba la mama mwingine.

Sasa, ili uapishwe unahitaji mawakili wawili wa muda mrefu wathibitishe kwa maandishi kwamba wanakujua na tabia yako inafaa. Wa kwanza alinisainia kwenye korido ya mahakama, amesimama, karatasi ameiweka juu ya faili na simu iko sikioni.

Wa pili alikuwa awe Kioko.

Nikapanda zile ngazi Jumatatu asubuhi. Nikampa. Akaivalia miwani, akaisoma pole pole mpaka mwisho. Nikaona mkono unaenda kwenye kalamu, nikashusha pumzi.

Kisha akasema, "Funga mlango."

Akailaza karatasi kifudifudi.

"Mwiitu wakwa," aliniita binti yake, hajawahi kuniita hivyo miezi yote niliyofanya kazi kwake, "hii karatasi inasema nini?"

Nikasema inasema yeye ananijua.

"Na nini ingine?"

Nikajaribu. Kwa Kikamba, kama sheria yake ilivyo. Nilifika kwenye neno la uaminifu nikaliruka. Nimesikia wazee wasiojua kusoma wakijibu swali hilo vizuri, na mimi msomi nikashindwa.

Nikamwambia yote. Ben, kisanduku, sabuni, fomu, Mama Mwalimu, mjane na paa lake. Nililia, nakubali. Kioko hakunikatiza na hakunipa hata kitambaa.

Nilipomaliza akauliza, "Huyo mama wa paa anajua hii maneno?"

"Hapana."

"Na wale wanasikiliza kesi yake?"

"Hapana."

"Sasa mbona unaniambia mimi? Mimi niko na nyumba."

Akanisogezea kiti cha karani. Niliandika barua hapo hapo, kwa Mama Mwalimu, kwa sababu ndiye pekee huko niliyejua anwani yake, ilikuwa kwenye karatasi za semina. Niliweka jina langu kamili. Nikaambatanisha ile barua pepe ya Ben. Kioko akaniambia nimsomee kwa Kikamba kabla haijaenda, na kila mahali nilipojisafisha kidogo alikuwa anakohoa.

Ikaenda. Karatasi yangu akaitia kwenye droo bila kuisaini. Hakusema hapana, wala hakusema ndiyo.

Ben amenitukana na kuniblock. Anasema nimewaharibia watu wengi chakula. Kwa hilo pengine ana haki, na nimelibeba.

Wiki mbili baadaye Mama Mwalimu akajibu. Maneno machache. Alishukuru. Alisema amewapa wanaohusika na hawezi kusema zaidi, ila rekodi za Bwana F. hazitategemewa tena mpaka zichunguzwe. Na mjane, alisema, bado yuko nyumbani kwake.

Halafu mwishoni akauliza: yule wakili anayelaza karatasi kifudifudi, ni mtu wa kweli au naye nilimtunga?

Wakuu, hiyo iliniuma kuliko matusi ya Ben. Nikampelekea Kioko simu asome. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Sasa umejua vile kushukiwa inakaa," akasema. "Mwambie niko. Na mwambie akitaka kuniona, kila mtu awashe kamera."

Nimefunzwa nini? Maisha yangu yote nimemshuku muuza nyanya, nikamshuku Ben, nikamshuku mzungu nisiyemjua sura. Mtu mmoja sikuwahi kumgeuza nione ameoza wapi, na ndiye aliyekuwa anabonyeza.

Na nyinyi mnaofanya hizi kazi, semina au insha za watu, sitawahubiria. Najua njaa. Lakini ulizeni karatasi inaenda kusimama mbele ya nani.

Ya kwangu bado iko kwenye droo. Mawakili wa kunisainia kwenye korido hawakosekani, na tarehe za kuapishwa zinakuja. Sijaenda kwa mwingine. Kila Jumatatu napanda zile ngazi, nampangia mafaili, hatuizungumzii.

Kwa hivyo leo nawaulizeni nyinyi msionijua. Ungekuwa Kioko, ungesaini?

Jibuni bila kunihurumia. Lakini kabla hujajibu, usirudi kusoma ya juu, niambie kwanza kwa maneno yako mwenyewe: nimekuambia nini?