Bunduki ya Akina Peck na Alama ya Nukta Tatu

Katika chama cha wakusanyaji wa bunduki za kale hapa bondeni inasemwa kwamba marehemu mume wangu, Warren Thaxter, alipokea bunduki ya akina Peck ikiwa kamili, akachomoa mtambo wake wa asili wa kufyatulia na kutia wa bandia. Si kweli. Nilikuwapo.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Aprili, mwaka 1978. Corinne Peck alileta bunduki ya gumegume ya marehemu baba yake, Lemuel, imefungwa katika blanketi, Warren aikague kabla haijaenda mnadani. Ilitengenezwa Springfield mwaka 1816. Lemuel aliibeba begani katika kila gwaride la sikukuu ya Uhuru, mwezi wa Julai. Ilikuja na barua ya aliyemuuzia, ikisema kwamba ni ya gumegume tangu mwanzo na haijawahi kuguswa. Mwandiko ulikuwa wa Orrin Thaxter, baba mkwe wangu, aliyekuwa fundi wa bunduki kabla ya Warren.

Nilikata pai ya tufaha. Corinne akamtania Warren kwamba mikono inamtetemeka kama bwana harusi. Warren akasema bwana harusi hapewi bisibisi.

Bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zilipopitwa na wakati, jeshi liligeuza nyingi zikawa za fataki, yaani kidonge cha baruti kinachogongwa na nyundo ya bunduki. Miaka mingi baadaye wakusanyaji wakazitaka zilivyokuwa, na mafundi wakazirudisha. Kurudisha si kosa. Desturi yetu ni fundi kugonga alama yake upande wa ndani wa mtambo, ili atakayeufungua ajue. Kosa ni kumficha mnunuzi.

Warren alimulika mtutu kwa upande. Juu yake palikuwa na duara dogo, tundu la fataki lililozibwa na kusuguliwa kwa tupa. Akafungua mtambo. Ndani mlikuwa na nukta tatu. Ndiyo alama aliyogonga baba yake kwenye kila kazi yake.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Aliusogeza.

"Corinne, hii imerudishwa," alisema. "Na aliyeirudisha ni mzee wangu."

"Barua inasema haijaguswa."

"Barua kaandika yeye, na alama kagonga yeye. Mimi naiamini alama."

"Kwa hiyo baba alikuwa kichekesho barabarani, miaka yote hiyo?"

"Lemuel alibeba bunduki nzuri, dada yangu. Aliyedanganya si yeye."

Warren aliandika ripoti, jina la baba yake likiwamo, akampa nakala moja na kubaki na nyingine. Corinne alikunja blanketi polepole.

"Iliingia humu ikiwa kamili, Warren," alisema. "Ndivyo nitakavyowaambia watu."

Ndivyo alivyowaambia. Warren alitaka kuisoma ripoti mbele ya chama. Nilimwomba asifanye hivyo, kwa ajili ya jina la Orrin, ambalo ndilo lililoandikwa juu ya mlango wa karakana yetu. Alinisikiliza. Watu wakaacha kumletea bunduki. Alikufa Novemba ya mwaka uleule. Mazishini walikuja wanachama wanne. Niliwahesabu, nikawashukuru, nikarudi nyumbani kuosha vikombe.

Niliitunza nakala ile miaka mitatu. Jumanne iliyopita niliipeleka kwa katibu wa chama, Bwana Dunning. Aliisoma mara mbili, akasema mtu hamsingizii baba yake kwa maandishi, akavua miwani, akaniomba radhi kwa niaba ya wote. Sikuhisi unafuu wowote.

Kisha akauliza, kwa upole, ni bunduki ngapi nyingine ambazo mzee Orrin aliziuza kwa barua kama ile, na kwa nani. Alijua kwamba madaftari ya karakana yako kwangu.

Yako kwangu, na nimeyasoma. Mume wangu hakubadilisha kitu. Hilo nimelisema na kulithibitisha. Hayo mengine sitayasema, kwa Bwana Dunning wala kwa mtu mwingine yeyote.